Kaimu Korongo wa Chumvini

Wananchi wa Tegeta walitangaziwa asubuhi na mapema, kwa gari lenye vipaza sauti viwili, kimoja kikiwa kimekufa, kwamba kuanzia siku hiyo ndege wote wa majini walioko Chumvini, wawe wanaogelea, wanaruka au wamesimama tu, wako chini ya Mamlaka ya Ustawi wa Ndege wa Majini. Kwamba ndege hao wasiitwe tena ndege, bali wadau wenye mabawa. Na kwamba mwananchi yeyote atakayemfukuza mdau kwa ufagio, kwa jiwe au kwa lugha isiyofaa, atachukuliwa hatua.

Sauti iliyotangaza ilikuwa ya Adelard Kamugisha, Ofisa Ustawi Mwandamizi. Tangazo alikuwa ameliandika mwenyewe, na kila alipofika pale kwenye "wadau wenye mabawa" sauti yake ilitetemeka kidogo kwa fahari. Alikuwa mtu wa Bukoba, mnene wa wastani, mwenye suruali iliyonyooshwa hadi mkunjo wake ungeweza kukata nyanya, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna tatizo duniani ambalo haliwezi kupatiwa cheo.

Gari lilipofika kwenye kibanda cha Mama Mauwa, pale barabara ya vumbi inapokutana na matope ya Chumvini, yangeyange mmoja mweupe pe alikuwa ndiyo kwanza ametua juu ya sinia, akachagua kibua kilichoiva vizuri, akaondoka nacho taratibu bila hata kutazama nyuma.

"We Adelard!" Mama Mauwa alipiga ukelele, mwiko mkononi. "Mdau wako kaniibia kibua!"

Adelard alizima kipaza sauti. Huyu hakuwa mama muuza samaki tu. Ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wake. "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kibua changu."

"Mama, hajaiba. Amenufaika na rasilimali."

"Basi mwambie arudi anufaike na mwiko huu."

Chumvini yenyewe haikuwa mahali pa kutajiwa wageni. Zamani watu walivuna chumvi pale. Siku hizi yamebaki majaruba yaliyobomoka, mikoko, matope yanayonuka maji ya bahari yakitoka, na madimbwi ambayo mtu wa Mbezi Beach akiyapita hufunga kioo cha gari. Lakini ndege walikuwa wakipapenda kupita kiasi. Msimu ukiwa mzuri walijaa vitwitwi, chekeamwezi, kwarara, heroe wa waridi na mwari wenye midomo kama vikapu, kila mmoja akichokora tope kwa namna yake, na kelele zao zilifika mpaka Mama Mauwa anakokaangia.

Tena mvua ikinyesha, maji yote ya Tegeta, ya majumba mapya yenye mageti na ya vibanda visivyo na geti, yalishuka yakaja kulala Chumvini. Hayakuwa na pengine pa kwenda.

Na hapo ndipo ilipokuwa ishu. Wizara ya Mabwawa ilikuwa na mipango miwili juu ya Chumvini. Mpango wa kwanza ulikuwa kuitangaza Hifadhi ya Mfano. Wa pili ulikuwa kuijaza kifusi na kuifanya yadi ya malori. Wizara, kwa kuwa haikuwa na upendeleo, iliunda Kamati ya Tathmini chini ya Mheshimiwa Anastasia Mwaipopo, ije ione kwa macho kama kweli pana utofauti wa ndege wa kutosha. Ndege wakionekana, hifadhi. Wasipoonekana, kifusi.

Adelard alijua maana ya kifusi. Chumba chake kilikuwa hatua chache kutoka matopeni, ukuta kwa ukuta na sebule ya Mama Mauwa. Maji ukiyanyima mlango huingia dirishani, na sebule ile ilikuwa na madirisha mawili.

*

"Kamugisha," alisema Mkurugenzi, Dk. Augustine Mbawala, "Kamati inakuja wiki ijayo. Ndege wako tayari?"

Dk. Mbawala alikuwa mrefu kuliko mtu yeyote katika Mamlaka, mrefu wa kuingia mlangoni kwa awamu: kwanza magoti, halafu tumbo, kichwa kikija mwisho kama taarifa ya nyongeza. Alikuwa na kawaida ya kusimama dirishani kimya kwa muda mrefu, mikono nyuma, na watumishi waliamini kwamba wakati huo anafikiri.

"Mkurugenzi," alisema Adelard, "wengi wao hawapo."

"Hawapo wako wapi?"

"Wako Ulaya. Wengine Siberia. Huwa wanaondoka mwezi wa nne kwenda kutaga, wanarudi mwezi wa tisa. Sasa hivi ni Julai."

Mkurugenzi alivua miwani. "Safari za nje? Kwa kibali cha nani?"

"Hawana kibali, Mkurugenzi. Wanaruka tu."

"Mimi tangu niteuliwe sijafika hata Nairobi, kitwitwi anakwenda Siberia!" Alitembea chumbani, hatua mbili, kwa maana kwa miguu yake chumba kilikuwa cha hatua mbili. "Na wale wa hapahapa? Wenyeji?"

"Wenyeji nao wamehamia mbele huko, njia ya Bagamoyo. Tangu gari letu lianze kuwatangazia kwamba wanalindwa, hawajatulia."

"Hakuna aliyebaki?"

"Wamebaki yangeyange. Wako kwa Mama Mauwa, wanasubiri samaki."

"Weupe watupu," alisema Mkurugenzi kwa uchungu. "Aina moja tu. Tutaonekana tunaendekeza ukabila."

Kikao cha dharura kiliitishwa. Ilipendekezwa ndege waandikiwe barua. Ikaonekana hawana anwani. Ilipendekezwa Kamati ioneshwe picha. Ikakumbukwa kwamba picha zilizopo zina watumishi mbele na ndege kwa mbali, nyuma ya kichwa cha Mkurugenzi. Chai ililetwa. Wazo lilimjia Adelard akiwa katikati ya chapati, nalo lilikuwa wazo la kiutumishi hasa, kiasi kwamba aliiweka chapati chini.

"Mkurugenzi, kwa taratibu zetu, ofisa akienda likizo kiti chake hakibaki wazi. Hukaimiwa."

Dk. Mbawala alisimama kwa furaha, akakumbuka feni ya darini, akakaa.

"Kaimu ndege," alisema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Endelea, Kamugisha."

Kufikia jioni watumishi walikuwa wameshateuliwa. Hamida, mhasibu, mwanamke mwembamba wa Temeke asiyependa mchezo, aliteuliwa Kaimu Heroe. Watu wa masjala wakawa makaimu kwarara. Valerian, dereva, kwa sababu ya kidevu chake kipana, alipewa nafasi ya mwari, naye akaikataa palepale.

"Bosi, mie mwanaume mzima, baba wa familia, niwe mwari? Kwetu mwari ni binti anayefundwa!"

"Ni mwari ndege, Valerian."

"Mtaani nani atajua tofauti?"

Alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba ni kukaimu tu, na kwamba kukaimu hakuingii kwenye kumbukumbu za kudumu.

Mavazi alipewa fundi Fakihi, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kushona vitambaa vya makochi na majoho ya mahafali. Fakihi hakuuliza kitu. Mtu aliyewahi kushonea majoho shule ya chekechea haulizi tena vitu maishani. Alitumia sponji za magodoro, vyandarua vilivyochakaa na manyoya ya kuku wa kisasa, na midomo akaichonga kutoka kwenye madumu ya mafuta ya kula. Mama Mauwa, alipowaona makwarara wanne wakifanya mazoezi ya kuchokora tope nyuma ya kibanda chake, aliwatazama mpaka mafuta yakaungua.

"Mwari wa kwetu anafungiwa ndani," alimwambia Adelard, "wa kwenu mnamwanika matopeni. Haya. Ila niambie, mwanangu, haya yatazuia kifusi?"

"Yatazuia, mama."

"Kwa kweli?"

Adelard alitaka kujibu kiofisa, akaona macho ya yule mama yametua kwenye ukuta wa nyumba, penye alama ya maji ya mwaka mmoja wa mvua kubwa, kiunoni kwa mtu mzima. "Sijui, mama," alisema. "Ila ndicho nilichonacho."

*

Siku moja kabla ya ugeni, Mheshimiwa Anastasia alipiga simu mwenyewe. Alikuwa amesoma ripoti ya Mamlaka, alisema, na ukurasa mmoja ulimnyima usingizi: ule uliosema kwamba Chumvini anaishi korongo nyangumi. Angependa kumwona huyo. Kama yupo huyo, wengine hawana shida.

Adelard alimgeukia Mkurugenzi. "Korongo nyangumi anaishi kwenye mafunjo, huko magharibi ya nchi. Hajawahi kuonekana pwani. Nani aliandika hivyo?"

"Mimi," alisema Dk. Mbawala. "Nililipenda jina. Unaandika ndege mmoja, msomaji anapata na nyangumi."

Alipaswa kupatikana kaimu. Korongo nyangumi ni ndege mrefu wa kijivu, mwenye kichwa kikubwa na mdomo kama kiatu, ambaye husimama saa nzima bila kutikisika akionekana anafikiri jambo zito. Watumishi walijaribiwa mmoja mmoja. Wote walikuwa wafupi, na wote walitikisika. Mwisho macho yote, bila mtu kusema neno, yakaenda dirishani, ambako Mkurugenzi alikuwa amesimama kimya, mikono nyuma.

"Haiwezekani," alisema bila kugeuka.

Hamida alianza kumpima urefu kwa macho.

"Nani basi atampokea Mheshimiwa?"

"Mkurugenzi akiwa na majukumu mengine," alisema Hamida, ambaye kanuni alizijua na tayari alikuwa na miguu ya waridi, "kiti chake hukaimiwa." Akamwonesha Adelard kwa mdomo wa dumu.

Ndivyo Adelard Kamugisha alivyokuwa Kaimu Mkurugenzi, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa Kaimu Korongo.

*

Kamati ilifika kwa magari meupe, ikapandishwa kwenye jukwaa lililojengwa mbali kabisa na matope. Adelard alieleza kwamba umbali ule ni wa kitaalamu: wadau wana haya. Mheshimiwa Anastasia, mama mwenye kilemba kikubwa na kicheko kidogo, aliinua darubini akaiweka machoni kinyume, upande mpana ukimwelekea yeye. Wajumbe waliona. Katika utumishi wao wote hakuna aliyewahi kumrekebisha bosi, na hawakuona sababu ya kuanza siku ile.

"Wako mbali sana," alisema Mheshimiwa.

"Sana, Mheshimiwa."

"Na wadogo."

"Ni vile wanavyojishusha, Mheshimiwa."

Kule matopeni mambo yalikwenda vizuri kupita matarajio. Makwarara walichokora. Mwari alikaa kwenye dimbwi, akiwa amegeuzia watu mgongo kwa aibu. Heroe alisimama kwa mguu mmoja, na alipochoka akasimama kwa mwingine, bila kuficha kwamba amechoka. Mara simu ililia kiunoni mwake, singeli ya kasi, kwa sauti ya juu.

"Ni nini hicho?" aliuliza Mheshimiwa.

"Ni mlio wa kutafuta mwenza," alisema Adelard.

Heroe alionekana akifunika kichwa kwa bawa, na wenye masikio makali walimsikia akinong'ona, "Nipo kazini, nitakupigia."

"Amepata," alisema Mheshimiwa kwa upole.

Kisha akamwona korongo. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya jaruba, mrefu, wa kijivu, hatikisiki. Yangeyange mmoja wa kweli alitoka kibandani kwa Mama Mauwa akaja kuangalia kuna nini, akazunguka mara mbili, akatua juu ya kichwa cha korongo, akajisaidia kidogo, akajipanga manyoya. Korongo hakuhama. Nzi walimtua kwenye mdomo, hakuhama. Maji ya bahari yalipanda yakamfika magotini, hakuhama.

Mheshimiwa Anastasia alishusha darubini. Machozi yalimlenga.

"Miaka yote niliyokaa serikalini," alisema, "sijaona utulivu wa namna hii. Anafikiri nini?"

"Hatujawahi kujua, Mheshimiwa," alisema Adelard, na hilo lilikuwa jambo la kweli pekee alilolisema siku hiyo.

"Chumvini ni Hifadhi ya Mfano," alitamka Mheshimiwa palepale. Makarani wakaandika. Mama Mauwa, aliyekuwa amejipenyeza chini ya jukwaa na beseni lake la vibua, alipiga kigelegele kilichofanya mwari aruke hatua tatu kwa miguu. Kifusi kimekwenda na maji, alijisemea Adelard. Sasa watu wavue manyoya waende wakale.

"Lakini ndege mwenye thamani hii," aliendelea Mheshimiwa, "haifai abaki kwenye matope, kijana yeyote aweze kumpiga jiwe. Nitampeleka Dodoma, bustani ya Wizara. Waziri amwone kila asubuhi. Leteni lile kasha."

Kasha lililobebea jenereta la Wizara lilikuwa bado kwenye lori, tupu. Likashushwa. Wajumbe wakavua viatu.

"Mheshimiwa," alisema Adelard, "naomba nimwandae kwanza. Kisaikolojia."

Aliingia matopeni na suruali yake iliyonyooshwa, akaenda mpaka kwa korongo, akainama kama anayekagua miguu.

"Mkurugenzi, wanakupeleka Dodoma kwenye kasha. Niwaambie?"

"Ukithubutu kusema nakufukuza kazi," ulisema mdomo wa dumu.

"Lakini, bosi…"

"Dodoma wapi?"

"Bustani ya Wizara. Waziri atakuwa anakuja kukuona kila asubuhi."

"Kila asubuhi," alirudia Dk. Mbawala. "Peke yake? Bila katibu mlangoni?"

"Nadhani peke yake."

"Mimi nimeomba miadi na yule mtu tangu mwaka juzi." Mdomo ulijiinua kidogo. "Kamugisha, usisimame njiani kwangu."

Naye akavuta mguu mmoja kutoka matopeni, halafu wa pili, akatembea kwa madaha mpaka kwenye kasha, akaingia kwa awamu, kichwa mwisho. Wajumbe walipiga makofi.

"Mwelewa!" alisema Mheshimiwa, akimkagua kwa karibu. Kisha akakunja uso. "Mbona ana saa?"

"Pete ya utafiti, Mheshimiwa," alisema Adelard.

"Inasema saa kumi kasoro."

"Utafiti umeendelea sana siku hizi."

*

Wiki zikapita. Malori ya kifusi yalipelekwa kwenye mpango mwingine. Adelard alikaa kwenye kiti cha Mkurugenzi, miguu ikining'inia, kwa kuwa kiti kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Jambo la kwanza alilofanya, bila kikao, lilikuwa kuliegesha lile gari la vipaza sauti. La pili hakulifanya, kwa sababu hakuwa na la pili. Siku moja kwarara wa kweli walirudi, wakifuatwa na mwari wanne. Valerian aliwatazama kwa muda mrefu akasema, "Kumbe wamekaa hivi! Mie nilikuwa nakosea shingo."

Usiku Adelard hakulala vizuri. Alimwota bosi wake akila dagaa mbichi. Alijaribu kupiga simu ya Mkurugenzi; haikupatikana, na kweli korongo angeiweka wapi?

Kisha ikaja simu kutoka Dodoma.

"Ndugu Kaimu Mkurugenzi," ilikuwa sauti ya Mheshimiwa Anastasia, chini kwa chini, kama mtu aliyejifungia chooni. "Ndege wenu ameanza kuongea."

Adelard alishika meza. "Anasemaje, Mheshimiwa?"

"Anasema yeye ni Mkurugenzi. Anadai gari, dereva, na mapazia kwenye banda."

Adelard aliifikiria sebule ya Mama Mauwa na madirisha yake mawili. Akamfikiria pia mtu mzima, mwenye mke na watoto Mbezi Beach, amekaa bandani. Hakupenda kazi yake iishe, lakini alipenda kulala usingizi. "Mheshimiwa," alisema, "kosa ni langu. Wazo lilikuwa langu, naomba Chumvini isiadhibiwe. Ukweli ni kwamba yule…"

"Usiniambie ukweli!"

"Mheshimiwa?"

"Waziri ameshapiga naye picha. Iko kwenye kalenda. Kalenda iko kwenye balozi zote. Mimi ndiye niliyesema bungeni kwamba nimemtambua kwa jicho la kitaalamu. Wewe unataka kuniletea ukweli saa hizi?"

"Kwa hiyo ni ndege," alisema Adelard.

"Ni ndege. Ila hajazoea mazingira, ndiyo maana anaongea. Tunamrudisha kwenye makazi yake ya asili."

"Hilo ni jambo jema sana, Mheshimiwa! Makazi yake ya asili ni Mbezi Beach, mtaa wa pili kutoka kanisani, geti la bluu."

"Ripoti yenu inasema mafunjo," alisema Mheshimiwa, akakata.

Adelard alipiga tena. Alipiga siku tatu. Aliandika barua akamtaja Mkurugenzi kwa jina, ikarudi na muhuri kwamba Wizara haipokei maombi ya ndege binafsi.

*

Sherehe ya kumwachia korongo ilioneshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Adelard aliitazama kibandani kwa Mama Mauwa, pamoja na Hamida na Valerian, wakiwa na sinia la vibua ambalo hakuna aliyeligusa. Bwawa lilionekana kubwa lisilo na mwisho, kijani, mafunjo yamemzidi mtu kimo. Walikuwepo Waziri na matarumbeta. Mtangazaji alisema kwamba kuanzia siku hiyo eneo lote limepigwa marufuku kwa binadamu na vyombo vya moto, ili korongo asibughudhiwe na mtu yeyote, kwa sababu yoyote.

Mlango wa kasha ulifunguliwa. Hakutoka mtu, maana yake hakutoka ndege.

"Masikini, anaogopa," alisema Mama Mauwa.

Mheshimiwa Anastasia alikwenda nyuma ya kasha, akachomeka mwavuli kwenye upenyo, akasukuma. Mdomo ukatokea, halafu magoti. Sponji lilikuwa limelowa na kuning'inia, dumu limepauka likabaki na maandishi ya mafuta ya alizeti upande mmoja. Korongo alitazama kamera, akatazama mafunjo, akamgeukia Waziri na kufungua mdomo kuzungumza kwa kirefu. Matarumbeta yakaanza. Alizungumza kwa muda wote wa wimbo, akinyoosha bawa, akionesha gari moja baada ya jingine. Wimbo ulipokwisha alikuwa amekwisha. Alisimama kidogo, akafikiri au hakufikiri, kisha akakunja shingo na kuingia majini, mguu baada ya mguu, mpaka mafunjo yakamfunika.

Adelard alifuta macho kwa kitambaa cha mezani. "Kesho asubuhi tunamfuata," alimwambia Valerian. "Marufuku au si marufuku."

"Gari lina mafuta, bosi. Nilijua tu."

Kwenye televisheni Waziri alikuwa anahutubia. Alisema ndege wa thamani namna ile hawezi kuachwa bila uangalizi wa kiongozi mwandamizi. Alisema nchi nzima inajua ni nani aliyemtambua kwanza kwa jicho la kitaalamu, na kwa hiyo ana furaha kumteua Mheshimiwa Anastasia Mwaipopo kuwa Mwangalizi Mkazi wa bwawa lile, kuanzia dakika hiyo, hadi itakapotangazwa vinginevyo. Akampa mkono. Akampa na hema.

Magari meupe yalianza kuondoka, moja, moja, kila moja likiacha vumbi kwa lililofuata. Kamera ilibaki ikimwonesha Mheshimiwa amesimama ukingoni kwa viatu vya kisigino vilivyokuwa vinazama taratibu, hema likiwa bado kwenye mfuko, maikrofoni shingoni ikiwa bado wazi.

"Jamani," alisikika akisema, nchi nzima ikisikiliza. "Jamani, na gari langu je? Nani amechukua gari langu?"

Upepo uliyumbisha mafunjo. Halafu kutoka ndani kabisa, mahali pasipoonekana, ikaja sauti nzito, ya adabu, ya mtu aliyezoea kupokea wageni ofisini:

"Karibu, Mheshimiwa. Pita tu huku, matope si mengi."